Nyuzi Nne au Nyuzi Tano?

Je, ni halali kwaya inunue gita jipya la besi, nalo la zamani lingali linalia? Swali hili lilizuka katika kwaya yetu hapa Butembo, na mimi ndimi niliyelizusha, kwa kuwa ndimi mpiga besi. Wengi walidhani ni shauri la fedha tu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Wasiojua muziki huuliza gita hili lina kazi gani. Sauti yake ni ya chini, nayo watu hawaitambui mpaka inyamaze. Hapo ndipo waimbaji wanapopoteza hatua na ngoma kwenda kivyake. Zamani mpiga besi alibeba chombo cha mbao kirefu kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alianza kuuza gita la besi la umeme, lenye nyuzi nne, la kuvaliwa begani. Na wasiseme kwamba ni chombo cha baa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, uliupa ogani heshima ya kwanza, lakini ukaruhusu na vyombo vingine, mradi vifae kwa ibada, vilingane na hadhi ya hekalu na kuwajenga waamini. Bei haikutajwa pale, wala idadi ya nyuzi.

Sasa nikiri kosa langu. Wafanyabiashara wetu wa Butembo huleta mizigo kutoka Dubai na Guangzhou, na katika duka moja niliona gita la nyuzi tano, jekundu, linang'aa. Uzi wake wa tano hushuka chini kuliko ule mnene wa kawaida: hutetemeka mara 31 hivi kwa sekunde, na ule mwingine mara 41. Nikawaambia wanakwaya kwamba utukufu wa Mungu wadai sauti hiyo. Wakaanza kuchanga.

Mama mmoja, aliyekimbia upande wa Oicha kwa ajili ya mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mwaka 2014, alileta vikombe viwili vya maharagwe, viuzwe. Akaniuliza kwa upole: «Mwanangu, hili la zamani lina ugonjwa gani?»

Nikashindwa kumjibu. Nilikuwa sijalichunguza. Nyuzi zilikuwa na kutu, hazijabadilishwa miaka miwili. Spika yetu ilikuwa ndogo, tena imepasuka. Hata uzi wa nne haikuweza kuutoa vizuri, sembuse wa tano! Tena gita lile jekundu lilitumia betri ndani yake, ambayo ikiisha katikati ya Misa, gita huwa bubu. Hayo yote niliyajua. Nilikuwa nimeyafumbia macho.

Katika mkutano mzee mmoja alisema fedha zote wapewe wakimbizi. Mwingine akamkumbusha nyumba ya Betania: Yuda naye alisema marashi yangeuzwa dinari 300 wapewe maskini, na Bwana hakukubali. Neno hilo nililidaka kwa furaha, maana lilinifaa. Lakini usiku lilinirudia. Mariamu alimimina marashi yake mwenyewe. Mimi nilitaka kumimina ya mama yule, ili vidole vyangu vitazamwe.

Hata hivyo sidhani kwamba yule mzee alikuwa na haki yote. Mtu akitoa sadaka kwa ajili ya wimbo, hatuwezi kuigeuza bila kumwuliza, hata kwa kazi njema kuliko hiyo. Basi tuliwauliza watoaji. Mama yule ndiye aliyekasirika kuliko wote. «Mnadhani sisi tuliokimbia twahitaji chakula tu?» alisema. «Kule kwetu nilikuwa naimba. Nataka kuimba.» Wakuu wa kwaya wakainama. Mara nyingi sisi huwahesabu maskini kuwa vinywa vya kula, tukasahau kwamba vinywa hivyo vina nyimbo.

Tulinunua nyuzi mpya na spika kubwa. Fundi wa redio akachomea waya uliokatika ndani ya gita la zamani, na kazi hiyo haikufika saa moja. Dominika iliyofuata watu wa benchi za nyuma waligeuka kutafuta ni nini kimebadilika. Fedha zilizobaki zimeandikwa katika daftari la kwaya, na kila mwanakwaya aweza kulisoma.

Shingo ya gita letu imeanza kupinda, na siku moja itatupasa kweli kununua jingine. Nimeomba siku hiyo twende watu watatu dukani, na mmoja wao awe mama yule. Lile jekundu halijanunuliwa bado. Nikielekea soko kuu mimi hupita njia nyingine.