Je, Nyota Kubwa Ina Hatia?

Chini ya zile nyota tatu zilizopangana katika kundi la Orioni kuna doa hafifu kama moshi, ambalo mwenye macho mazuri huweza kuliona usiku usio na mbalamwezi. Ni wingu la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kiasi cha 1,300, na humo nyota zinazaliwa hata sasa.

Mwendo wa gesi hupimwa kwa rangi ya mwanga wake: inayotujia huelekea buluu, inayotukimbia huelekea nyekundu. (Aliyesikia honi ya lori ikibadilika sauti linapompita ameonja kanuni hiyo.) Kwa njia hiyo darubini ya SOFIA, iliyobebwa na ndege hadi ilipostaafishwa mwaka 2022, ilifichua jambo lililotangazwa mwaka 2019: utando wa gesi unaotanuka kama puto, kilomita 13 kila sekunde. Mpulizaji ni nyota moja kubwa iliyozaliwa humo humo, Theta-1 Orionis C. Upepo wake umefagia kando gesi ambayo ingeweza kufanya nyota nyingine. Aghalabu, katika mawingu ya namna hii, ni sehemu chache tu katika mia za gesi zinazopata kuwa nyota.

Niliwahi kumsikia mkubwa mmoja wa elimu akitetea uhaba wa nafasi za sekondari kwa hoja ya maumbile: wachache hung'aa, wengi hupeperushwa. Siku hizo wengi wa watoto wetu waliishia darasa la saba. Lakini gesi haikuahidiwa kitu. Hakuna aliyeiandikisha shule, wala aliyeiambia isome kwa bidii. Wapo wanaojibu kwa nia njema kwamba gesi iliyotawanyika huweza kukusanyika tena na kuwa nyota. Ni kweli, ila huchukua mamilioni ya miaka, na mtoto wa miaka 14 hana muda huo.

Nyota ile siilaumu. Haijui iliyemfukuza, wala haina namna ya kupuliza polepole. Mkubwa yule alikuwa na kalamu mkononi na orodha ya majina mezani. Nilimwuliza angeweza kuongeza madawati mangapi kama angetaka. Akasema muda umekwisha, twende tukanywe chai.