Tusimpe Mtoto Jina Kabla ya Kumpima

Mzazi wa Kilosa au Mikumi akiambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa kutotulia na kutozingatia, je, apokee jina hilo siku ile ile? Twasema asikubali upesi, wala asikatae. Ugonjwa huo upo kweli. Lakini hauonekani katika damu, hutambuliwa kwa kutazama mwenendo. Na mwenendo ule ule waweza kuletwa na masikio yenye usaha, macho mabovu, safura, au usingizi unaokatizwa na mafindofindo.

Huko Mahenge, katika mkoa uo huo wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta katika miaka ya 1960 watoto walioinamisha vichwa mara kwa mara. Ilikuwa dalili ya kifafa. Kipo pia kifafa kisichoangusha: mtoto hunyamaza katikati ya neno, hukodoa macho sekunde chache, kisha huendelea. Mwalimu huona uvivu, akashika fimbo. Ni haki gani hiyo?

Basi mzazi aanzie hospitali, ya Wilaya pale Kilosa au ya Mtakatifu Kizito pale Mikumi. Aombe masikio, macho na damu vipimwe, tena aeleze mtoto alalavyo. Vyote vikionekana vizima, jina lile alipokee bila aibu.