Je, kila aliyeacha njiani ni mwoga?



Ilikuwa Jumapili ya vijana kigangoni kwetu, huku upande wa Dongobesh. Baada ya komunyo mwalimu katekista akasimama kutupa neno, na mfano wake hakuutoa mbali. Angeweza kumtaja Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyechukua dhahabu ya marathoni kule Edmonton mwaka 1978. Lakini yeye akamchagua wa mwisho: John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu hii hii.

Akatusimulia marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968. Akhwari alianguka njiani, goti likaumia, bega likajigonga chini. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda, na ikapita zaidi ya saa nzima. Giza likaingia, watu wengi wakaondoka uwanjani, ndipo Mtanzania akatokea anachechemea, wa mwisho kabisa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

“Vijana,” mwalimu akasema, “mtoto wa Mbulu haachi njiani!”

Makofi yakapigwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa na miezi miwili tangu niache seminari, mwaka wa pili wa falsafa. Kina mama wa jumuiya yetu ndio walionichangia nauli na sanduku, huyu kauza debe la mahindi, yule vitunguu saumu. Sasa nimekaa benchi la tatu, na nahisi macho yote yako mgongoni kwangu.

Nilimkasirikia mwalimu. Nikamkasirikia hata mzee Akhwari, ambaye hajanikosea kitu. Nikaanza kutafuta habari za mbio ile, na kwa kweli nilikuwa natafuta pa kutokea.

Nikapapata. Wakimbiaji 75 walianza siku ile, 57 wakamaliza, na Akhwari ndiye huyo wa 57. Maana yake watu 18 waliacha njiani. Na mmoja wao ni nani? Abebe Bikila! Yule aliyeshinda Roma mwaka 1960 akiwa peku, akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Mexico alikimbia akiwa na mguu mgonjwa, na kwenye kilomita ya 17 hivi akasimama. Haya, nani atathubutu kumwita Bikila mwoga?

Nilifurahi, bwana. Nikajiambia, mimi ni Bikila. Nikatembea na udhuru huo wiki mbili, kichwa juu.

Lakini yale madaftari ya falsafa bado yalikuwa sandukuni, na kuna jambo la Mtakatifu Thoma wa Akwino lililokuwa linanisumbua. Anafundisha kwamba fadhila ya udumifu ina maadui wawili, si mmoja. Wa kwanza ni ulegevu, yaani kuacha jema kwa sababu limekuwa gumu. Wa pili ni ukaidi, yaani kung'ang'ania jambo kuliko inavyopasa. Sisi mara nyingi tunahubiri juu ya adui wa kwanza tu. Kumbe mtu anaweza kumaliza mbio na bado akawa amekosea, na mwingine akasimama njiani akiwa amefanya sawa. Kwa macho tu huwezi kuwatofautisha.

Basi tutawatofautishaje? Nikarudi kwenye jibu la Akhwari, nikalisikiliza upya. Hakusema kwamba yeye ni jasiri. Hakusema anapenda maumivu. Alisema alitumwa. Uzito wote uko hapo. Kwa hiyo swali la kwanza siyo “umemaliza?” Swali la kwanza ni “nani amekutuma, na amekutuma nini?”

Nikajiuliza hilo bila kujionea huruma. Mwaka wangu wa mwisho seminari nilikuwa nasonga mbele kwa aibu tu. Namwogopa baba, nawaogopa kina mama wa jumuiya, naogopa mdomo wa kijiji. Mlezi wangu wa kiroho na mimi tulisali juu ya jambo hilo miezi mingi kabla sijaamua. Kupewa upadre kwa sababu unaona haya kurudi nyumbani, huo si udumifu. Ni ukaidi uliovaa kanzu. Kwa hiyo kuondoka sijutii.

Ila namna nilivyoondoka ndiyo iliyonihukumu. Nilishuka kwenye basi usiku ili nisionwe. Wale kina mama sikuwaambia neno. Nikiwaona njiani, nakata kona kupitia shambani. Miezi miwili! Huo ndio ulikuwa ulegevu wangu. Kuwa padre pengine sikutumwa, lakini kusema ukweli na kushukuru nilitumwa tangu ubatizo, na mbio hizo ndizo nilizoziacha njiani. Mwalimu alirusha jiwe bila kujua, likanipiga pale pale lilipostahili.

Nikaenda jumuiya siku ya sala. Nikasimama, nikaeleza, nikaomba radhi kwa kunyamaza, nikawashukuru mmoja mmoja. Bibi mmoja akaniambia, “Mjukuu wangu, sisi tulikuchangia nauli ya kwenda. Hatukukuambia usirudi.” Nililia. Mama mwingine hakunijibu kitu siku ile, na hadi leo salamu yake ni ya juu juu. Simlaumu. Mahindi yale yalikuwa yake.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halisimuliwi sana. Miaka miwili baada ya Mexico, Akhwari alikwenda Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, mwaka 1970, akawa wa tano katika marathoni kwa saa 2 dakika 15. Huyo alikuwa mkimbiaji hodari kweli kweli! Sisi tumemfunga kwenye usiku mmoja wa maumivu, wakati yeye aliamka, akarudi mazoezini, akaendelea na kazi yake. Usiku ule haukuwa jumla ya maisha yake. Na siku niliyoshuka basi gizani, naomba Mungu isiwe jumla ya yangu.

Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo kuhusu kuumaliza mwendo, alikuwa mzee aliye kifungoni, na kifo kinamkaribia. Sisi vijana bado tuko njiani, tusiharakishe kujihukumu wala kuhukumiana.

Ndugu yangu, labda umeacha chuo, uchumba, kazi, au nyumba ya malezi. Labda hujaacha, ila unaendelea kwa kuogopa watu. Kaa mbele ya Ekaristi, uulize: Bwana, hili ulinituma wewe? Akikujibu ndiyo, chechemea hadi mwisho, hata uwanja ukiwa mtupu. Akikujibu hapana, simama. Lakini ukisimama, usijifiche. Rudi nyumbani mchana.

Ee Yesu, uliyetumwa na Baba ukamaliza kazi yake, utujalie kuijua ile tuliyotumwa sisi. Amina.