Iache Mizizi Mpaka Wakati Wake

Mjukuu wangu, neno hili nimewaambia wengi kabla yako, na nimechoka kulisema. Lakini umeniuliza kwa adabu, basi keti nikueleze. Umepata mtarakwa mdogo, umenunua chungu kipana cha bonsai, yaani mti unaolelewa ukiwa mdogo chunguni, na mikono inakuwasha kuuhamisha leo hii. Mitarakwa na misonobari haihamishwi kwa kuwa mwenye mti ana chungu kipya. Huhamishwa mizizi inapodai, tena katika msimu wake.

Utajuaje kama imedai? Mwagilia, kisha utazame. Maji yakituama juu ya udongo, yakachelewa kuzama, hiyo ni dalili. Mti ukijiinua taratibu kupita ukingo wa chungu, hiyo ni dalili nyingine. Uchomoe polepole ukague ubavuni: mizizi ikiwa imejizungusha hata udongo hauonekani, mti una haki ya kuhamishwa. Lakini ukiona udongo bado una nafasi, urudishe ulikokuwa, uufunge vizuri, usahau habari hiyo. Msonobari mchanga huweza kudai kila baada ya miaka 2 au 3. Uliozeeka hukaa miaka 5, hata 10, na hapo ndipo vijana wanaponikimbia.

Nakusihi hivi kwa sababu miti hii hufa kimya. Mpera ukiudhulumu mizizi, siku chache tu majani yanalegea nawe unajua umekosea. Mtarakwa hauna tabia hiyo. Mizizi yake huweza kuwa imekwisha kufa na majani yakabaki kijani kwa wiki nyingi, pengine miezi. Mwenyewe huku anamwagilia, anawaonyesha wageni, anapigwa picha nao. Siku majani yatakapofifia na kukauka, hakuna tena cha kuokoa. Ndipo utasikia watu wakilaumu jua la juzi au wadudu wa jana, kumbe mti uliumizwa siku ile ile ulipotolewa chunguni.

Sababu yake iko wazi ukiitafakari. Miti inayopukutisha majani huweza kuguswa mizizi wakati ambapo haina majani ya kunywesha. Msonobari haupumziki hivyo. Sindano zake ziko pale pale, na zinaendelea kupoteza maji hata wakati wewe unakata mizizi iliyokuwa ikiyaleta. Tena ukiuchimbua msonobari wenye afya, utakuta utando mweupe katikati ya mizizi, unanuka kama udongo wa msituni. Wengi huuogopa wakauosha. Usiuoshe. Ni kuvu inayoishi kwa kusaidiana na mizizi: inaichotea maji na madini, nayo inapewa sukari ya mti. Ukiiondoa yote kwa mpira wa maji, umeuondolea mti msaidizi wake siku unayomhitaji zaidi.

Wajapani wamelijua hili muda mrefu. Kule Omiya, katika mkoa wa Saitama, wakulima wa bonsai walianzisha kijiji chao mwaka 1925, baada ya tetemeko la 1923 kuharibu Tokyo na wao kutafuta mahali penye nafasi, hewa safi na maji mazuri. Kwao kazi hii hufanywa baridi inapoelekea kwisha, kabla machipukizi hayajafunguka. Na uko msonobari mweupe wa familia ya Yamaki wa Hiroshima, uliokuwa ukilelewa chunguni tangu 1625. Ulinusurika bomu la Agosti 6, 1945, ukatolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, na makao yake yakawa Washington. Mti hauwezi kuishi chunguni karne zote hizo bila kubadilishiwa udongo mara nyingi, na kila mara pupa ya mtu mmoja ingetosha kuumaliza.

Sisi huku nyanda za juu hatuna theluji ya kutuhesabia majira, kwa hiyo usiige kalenda ya Japani, tazama ncha za matawi. Mtarakwa wetu, ule wa Aberdare na Mau, ndio pekee wa jamii yake unaoota wenyewe kusini mwa ikweta, nao unazijua mvua za hapa kuliko kitabu chochote. Ncha zikianza kung'aa na kuvimba, masika yanakaribia, huo ndio mlango. Upepo mkavu wa kiangazi ukiwa bado unavuma, ngoja. Kipupwe kikishaingia na mti ukapunguza mwendo, umechelewa, ngoja tena.

Siku ikifika, fanya nusu. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Miche ya vitalu vyetu hukuzwa kwenye vifuko vya plastiki, ndani ya udongo mwekundu unaoshikana, na kishawishi ni kuuondoa wote siku moja. Chukua kijiti, chambua udongo wa upande mmoja tu, kutoka pembeni kuelekea shinani, na upande wa pili uuache kama ulivyo mpaka uhamisho ujao, miaka miwili au mitatu mbele. Kata kwanza mizizi minene inayoshuka chini. Vijizizi vyembamba vionee huruma, maana ndivyo vinavyokunywa. Usivuke theluthi moja ya mizizi yote. Fanyia kazi kivulini, na chupa ya kunyunyizia maji iwe karibu; mizizi ikikaukia mikononi mwako hairudi.

Udongo mpya uwe wa punje, usiwe tope. Japani wana udongo wao wa punje uitwao akadama. Sisi tuna mawe mepesi ya volkeno ya upande wa Naivasha, yanatosha sana. Ponda, chekecha, bakiza punje za milimita 3 hadi 6, na vumbi lote ulitupe, kwa kuwa vumbi ndilo linaloziba njia ya maji na hewa. Weka wavu juu ya matundu ya chungu. Pitisha waya, uufunge mti usitikisike kabisa, kwani vijizizi vipya vinakatika shina likiyumba. Shindilia punje kwa kijiti zifike kila pengo, kisha mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe meupe.

Baada ya hapo uweke penye mwanga usio mkali na pasipo upepo kwa wiki kadhaa. Mbolea isubiri mwezi mmoja au zaidi. Usipogoe, usiukunje kwa waya msimu huo. Na usiuzamishe kwa maji ya huruma: mizizi imepungua, inakunywa kidogo, kwa hiyo ngoja uso wa udongo uanze kukauka ndipo uongeze.

Mti wako nimeuona. Maji yanapita vizuri na ncha zake bado zimelala. Chungu chako kipya kiweke kabatini, mjukuu wangu, na ukaribiapo mwezi wa tatu uje tuutazame pamoja.