Dhamana ya Fundi na Ukweli wa Mwenye Gari

Ndugu zetu Waislamu, twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la dunia tu.

Alitujia ndugu mmoja, mfanyi biashara anayenunua pojo Kitui na Makueni kuzileta pwani. Gari lake lilitiwa pampu mpya ya maji katika gereji moja ya Mtito Andei, akaandikiwa dhamana ya miezi mitatu. Mwezi wa pili pampu ikavuja, injini ikachemka, gasketi ikaungua. Mwenye gereji akakataa kutoa hata senti. Ndugu yetu akataka tumwandikie mashtaka kwa Kadhi.

Tulimweleza kwamba Kadhi hana mamlaka hapo, kwani Katiba ya 2010 imemwachia hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena baina ya Waislamu. Madai ya bidhaa na kazi yasiyozidi shilingi 1,000,000 yana Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016, nayo yatakiwa kukata hukumu katika siku 60.

Kisha tukamwuliza: "Ulipoiona sindano ya joto imepanda, ulisimama?" Akainama. Aliiona tangu Kibwezi, akaendelea ili mzigo usichelewe.

Basi zingatieni. Pampu ile ilikuwa na ila, na fiqhi yetu yampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye ila. Dhamana nayo ni sharti, na sharti humfunga aliyelitoa. Fundi alipoikana alidhulumu. Lakini gasketi iliungua kwa uzembe wa mwenye gari. Lau angalidai yote na kuificha sindano, angalikula mali ya mwenziwe kwa batili, awe mwenziwe ni Muislamu au si Muislamu.

Alirudi akakiri. Wakaridhiana juu ya fundi wa tatu, akalikagua gari mbele yao. Mwenye gereji akatoa pampu nyingine na kazi yake. Ndugu yetu akalipia gasketi. Mahakama haikuhitajiwa.

Twawausia: andikeni masharti, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika Suratul Baqara, na hifadhini risiti. Na mnapodai haki yenu, semeni pia lile linalowapunguzia. Mwenyezi Mungu aliiona sindano ile kabla ya fundi.