Uwekevu na Afya ya Mtoto

Uwekevu ni sifa njema kwa mtu na kwa serikali pia. Mali bila daftari huisha bila habari, na nyumba isiyopima unga wake hulala njaa kabla ya mavuno. Lakini mtu akijinyima kitoweo chake ili aweke akiba, ni mwekevu. Akimnyima mwingine asiyeweza kusema, hapana budi aulizwe ni kwa haki gani. Swali hili limekaa Marekani kwa zaidi ya nusu karne katika mipango ya matibabu ya kusimamiwa, na mtoto ndiye anayelitia uzito.

Zamani desturi ya huko ilikuwa daktari kulipwa kwa kila kazi aliyoifanya. Kila homa ilikuwa na bei yake, kila kipimo ujira wake, na hospitali ilipata zaidi kwa kulaza zaidi. Gharama zikapanda. Mwaka 1973 Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kueneza vyama vya tiba vya namna nyingine. Katika vyama hivyo malipo hayafuati ugonjwa, hufuata kichwa: chama hupokea kiasi maalumu kila mwezi kwa kila mwanachama, awe mzima au mgonjwa. Daktari mmoja wa kwanza aghalabu ndiye mlinzi wa mlango wa kwenda kwa mabingwa, na matibabu mengine hayatolewi mpaka idhini itoke. Medicaid, mpango wa serikali wa kuwatibu maskini ulioanzishwa mwaka 1965, uliingia katika njia hiyo: Arizona ilianza nayo mwaka 1982, na sheria ya mwaka 1997 iliyapa majimbo mengine wepesi wa kuwatia watu humo kwa lazima. Leo watoto wengi wa Medicaid wamo.

Si haki kuitukana njia hii kabla ya kuisikiliza. Alipwaye kwa kichwa hana faida katika ugonjwa. Ana faida katika kinga. Jaribio kubwa la bima la shirika la RAND, lililoanza katika miaka ya 1970, lilionyesha kuwa watu waliowekwa katika chama kimoja cha Seattle walilazwa hospitalini pungufu kwa asilimia 40 hivi kuliko waliotibiwa bure kwa desturi ya zamani, na walikwenda zaidi kwa ajili ya kinga. Mtoto aliyechanjwa na kupimwa mapema ni akiba kwa kampuni na neema kwa mama yake. Hapo faida na wema huenda njia moja.

Lakini njia hugawanyika. Mtoto mwenye ulemavu, au aliyechelewa kusema na kuhitaji mwalimu wa matamshi kwa miaka, si akiba kwa yeyote. Na kinga yenyewe huzaa matunda polepole. Kampuni inayojua kuwa mwakani mtoto huyo atakuwa kwa nyingine huona kwamba inapanda mwembe katika shamba la jirani. Mwaka 2023 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani ilitangaza kwamba, katika makampuni ya Medicaid iliyoyachunguza, ombi moja katika kila maombi manane ya idhini, ya wakubwa na wadogo, lilikataliwa mwaka 2019. Si kila kukataa ni dhuluma, kwani si kila ombi hustahili. Lililo zito ni kwamba majimbo mengi hayakuwa na desturi ya kuchungua kama kukataa huko kulikuwa kwa haki.

Mtu mzima akikataliwa aweza kugombana. Mtoto hana ila mzazi, na mzazi maskini alipwaye kwa saa hupima siku ya kukata rufani kwa chakula cha siku hiyo. Akichoka, hunyamaza. Mwisho wa mwaka kampuni huhesabu ziara na kuona zimepungua. Zimepungua kwa sababu watoto wamepona, au kwa sababu mama zao wamekata tamaa? Daftari huandika mambo haya mawili kwa tarakimu moja.

Kwa hiyo kutotumia matibabu si ushahidi wa afya, na kwa mtoto haifai kudhaniwa hivyo. Bunge la Marekani lilikaribia kuona jambo hili mwaka 1967, lilipoagiza watoto wa Medicaid wapimwe mapema na kwa vipindi. Na mwaka 1989 likaagiza kwamba ugonjwa utakaoonekana kwa aliye chini ya miaka 21 utibiwe kwa kila tiba ya lazima inayoruhusiwa na sheria ya Medicaid, hata ikiwa jimbo haliwapi wakubwa tiba hiyo. Wajibu huo hausemi mtoto akibisha afunguliwe, wasema atafutwe.

Basi mlango waweza kuwa na mlinzi, maadamu mali ya umma si bahari. Ila mlinzi wa mlango wa watoto asisifiwe kwa wale aliowarudisha. Aulizwe habari za wale ambao hawakufika, na kama alitoka kwenda kuwatazama.