Anayesimama Mahali pa Mtoto

Mbu wa mashamba ya mpunga huko Asia hubeba virusi vya ensefalitisi ya Kijapani, ugonjwa wa kuvimba ubongo. Wengi wanaoambukizwa hawaugui. Wanaougua hawafiki hata mmoja kati ya mia. Lakini ubongo ukishavimba, wagonjwa hadi 30 katika kila 100 hufa, na wengi wanaonusurika hubaki na kifafa au kupooza. Basi chanjo yake itathibitishwaje? Hakuna mzazi atakayemtoa mwanawe atiwe virusi ili tuone. Lazima mwingine asimame mahali pa mtoto, na kwa miaka mingi aliyesimama ni panya mweupe.

Ushahidi, nijuavyo mimi, ni kile kinachotuwezesha kuliamini jambo tusilothubutu kulijaribu wenyewe. Panya aliyechanjwa hutiwa virusi, kisha huangaliwa siku baada ya siku. Manyoya yakisimama, mgongo ukipinda, miguu ya nyuma ikilegea, jibu limepatikana. Akiendelea kula, limepatikana pia. Tunamwamini kwa kuwa ubongo wake unafanana na wetu. Hapo ndipo ninapokwama: kufanana huko huko kunakoupa ushahidi wake uzito ndiko kunakotukataza kumwona kifaa tu. Angekuwa mbali nasi kama jiwe, kifo chake kisingetufundisha lolote.

Je, ni kafara? Sidhani. Kafara humgharimu anayeitoa, na sisi kifo cha panya hakituumi. Ni deni? Deni lina mdai, na panya hadai. Nguruwe, ambaye naye huambukizwa virusi hivi, angalau hupata chake: Japani huchanjwa, majike wasizae watoto wafu. (Kisha huchinjwa, lakini hiyo ni kesi nyingine.) Panya ugomvi huu haukuwa wake hata kidogo.

Tena chanjo iliyoidhinishwa Japani mwaka 1954 haikuishia kujaribiwa kwa panya. Ilitengenezwa ndani ya ubongo wake. Siku hizi zipo zinazokuzwa kwenye seli za Vero, zilizotolewa kwenye figo ya tumbili wa Afrika huko Chiba, Japani, mwaka 1962, na ambazo hadi leo zinazidi kugawanyika. Uzito wa mateso haya umepungua kweli, au umehamia kwa tumbili asiyekumbukwa na mtu? Mimi naona umepungua, maana kila kiumbe kisichoumia ni tofauti ya kweli, si hesabu ya karani. Ila hata chanjo hizo, kabla ya sindano ya kwanza kumgusa binadamu, zilianzia kwa panya.